Kibarua Kimeota Nyasi: Majina ya Wafanyakazi na Historia ya Kazi Zilizopotea Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kazi zilizopotea katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa kwa kupitia majina ambayo lugha ya Kiswahili iliwapa watu waliozifanya. Hoja kuu ni kwamba majina ya mafundi wa kale yanatokana na tendo la kazi yenyewe, ilhali majina yaliyoenea pamoja na mashamba makubwa, reli na Mpango wa Karanga yanatokana na karatasi na namba za mwajiri. Tofauti hiyo ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kusomwa sambamba na nyaraka.

Utangulizi

Miongoni mwa kata za wilaya ya Nachingwea ipo moja iitwayo Stesheni. Hakuna garimoshi linalosimama hapo. Reli ya Jimbo la Kusini ilifika Nachingwea mwaka 1949, ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954, kisha ikafungwa mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru, na mataruma na vyuma vyake vikang'olewa. Kwa hiyo mtoto wa Stesheni anayejifunza kuandika jina la kata yake anaandika jina la mahali ambapo hata babu yake, pengine, hakupata kupanda gari la moshi. Jina limedumu kuliko kitu mara kadhaa zaidi ya umri wa kitu chenyewe: reli iliishi miaka 13, nalo jina linaendelea zaidi ya miaka 60 baadaye.

Majina ya mahali huhifadhiwa kwa urahisi kwa sababu utawala unayahitaji kwa ajili ya shule, zahanati na kura. Majina ya watu waliofanya kazi hayana mlinzi kama huyo. Tukitaka kujua nani alitandika reli ile, nani alikata msitu, nani aliketi mbele ya korosho kutwa nzima, nyaraka hutupatia ekari, tani na pauni, na mara chache sana hutupatia mtu. Makala haya hayadai kuziba pengo hilo lote. Yanapendekeza tu kwamba sehemu ya ushahidi tunaoutafuta imo katika msamiati wa Kiswahili, na kwamba mwanaisimu anao wajibu katika historia hii ambao hadi sasa ameuachia mwanauchumi.

Suala hili si la kale peke yake. Tangu mwaka 2015, kaulimbiu ya Tanzania ya viwanda ilipoenea, mikoa ya kusini imezungumziwa mara nyingi kana kwamba ni eneo ambalo viwanda vinapelekwa kwa mara ya kwanza. Nachingwea imekwisha kupoteza reli, shamba la mitambo na kiwanda cha korosho katika umri wa mtu mmoja. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1995, ilitoa nguvukazi na chakula kwa mengi ya hayo bila kupata hata jina la stesheni.

Kiwanda kabla ya kiwanda

Neno lenyewe linahitaji kuangaliwa kwanza. Katika kamusi ya A. C. Madan iliyochapishwa Oxford mwaka 1903, kiwanda ni eneo la wazi, ua, mahali ambapo fundi hufanyia kazi yake. Neno hilo ni ndugu wa uwanda na kiwanja. Banda la mhunzi lilikuwa kiwanda, na uwanja wa mjenzi wa jahazi ulikuwa kiwanda. Halikuhitaji mashine wala ukuta, bali watu waliokutana mahali pamoja kwa kazi moja. Maana ya leo, yaani jengo lenye mitambo na wafanyakazi wa mshahara, imeifunika ile ya awali kiasi kwamba tunaposema kusini hakukuwa na viwanda kabla ya ukoloni tunasema kweli kwa maana ya leo na tunakosea kwa maana ya wakati ule.

Mwaka 1906, mara baada ya moto wa Maji Maji kuzimwa kwa mabavu, mwanaethnolojia Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vifaa na kurekodi sauti. Maandishi yake yana hukumu nyingi za zama zake, na msomaji wa leo hulazimika kuyasoma kwa tahadhari. Hata hivyo, aliona na kueleza kwa makini kazi za mikono: wanawake wakifinyanga vyungu, watu wakitengeneza nguo za magome ya miti. Nguo za magome zilikuwa tayari zinasukumwa nje na marekani na kaniki, nguo za dukani zilizobebwa kutoka pwani. Vyungu vilidumu zaidi, kisha navyo vikakutana na sufuria na, baadaye kabisa, ndoo za plastiki.

Kazi nyingine kubwa ya bara la Lindi na Kilwa mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa mpira wa porini. Kabla mashamba ya mpira ya Asia hayajaangusha bei ya dunia mwaka 1913, utomvu wa mitambaazi ya misituni ulikuwa mojawapo ya bidhaa kuu zilizosafirishwa kutoka kusini. Mtu aliingia msituni, akachanja, akakinga, akagandisha utomvu na kuuviringa, akaubeba mwenyewe au akamuuzia mfanyabiashara aliyeleta nguo na baruti. Ilikuwa kazi isiyo na bwana wa kila siku, ingawa ilikuwa na wadai wengi. Nta ya nyuki nayo ilifuata njia hizohizo, na sandarusi ilichimbwa karibu zaidi na pwani.

Tuangalie sasa Kiswahili kiliwaitaje watu wa kazi hizi. Anayefinyanga ni mfinyanzi. Anayegema ni mgema. Anayesuka ni msusi, anayevua ni mvuvi, anayejenga kwa mawe, kutokana na kitenzi cha kale kuaka, ni mwashi. Haya ni majina ya watenda kwa maana kamili ya kisarufi: mzizi ni tendo, kiambishi cha mwanzo ni mtu, na katika mengi yao kiambishi tamati -i kimebadili konsonanti ya mzizi, -ng- ikawa -nz-, -k- ikawa -s- au -sh-. Mabadiliko hayo ya sauti ni dalili ya ukale. Uundaji wa leo hupendelea kiambishi -ji ambacho hakigusi konsonanti. Lugha imewahifadhi watu hawa katika tabaka lake la chini, pale ambapo maneno hayajui tena kwamba yaliwahi kuundwa.

Imewahifadhi pia katika methali. Mfinyanzi hulia gaeni, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mmoja ni maskini wa kazi yake mwenyewe, mwingine mjanja anayeharibiwa na sifa. Hawapambwi, na hapo ndipo thamani ya ushahidi huu ilipo: ni watu wenye tabia, wanaoweza kuchekwa, kulaumiwa na kuonewa huruma. Neno fundi nalo linahusiana na kufunda, kitenzi kinachotumika hadi leo kwa mwali anayefundwa unyagoni. Ujuzi wa kazi na ujuzi wa utu uzima vilikuwa na msamiati mmoja.

Karatasi iliyogeuka mtu

Ajira ya mshahara ilipoingia, Kiswahili kilianza kuwataja wafanyakazi kwa namna nyingine. Kibarua, kama umbo lake linavyoonesha, ni barua ndogo. Lilikuwa ni jina la kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akioneshe wakati wa malipo. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zinatoa maana zote mbili pamoja: karatasi, na mtu aliyeishika. Kisha karatasi ikasahauliwa na mtu akabaki na jina lake.

Kipande kilifuata njia ya jirani. Tangu zama za Wajerumani, na kwa miongo mingi chini ya Waingereza, kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Mfanyakazi alipomaliza siku hizo, kwa kawaida ndani ya wiki sita hivi, ndipo alipolipwa ujira kamili. Siku ambayo mnyapara hakuitia alama haikuwa siku, hata kama jasho lilitoka. Kipande hakikuwa mtu, lakini mtu alipimwa kwa vipande alivyomaliza.

Neno la tatu ni manamba, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya namba. Liliwahusu wafanyakazi wa mkataba walioandikishwa mbali na kwao na kusafirishwa hadi mashambani, hasa ya mkonge. Watu wa kusini walilijua neno hili kwa njia mbili: wengine walikwenda Tanga kama manamba, na wengine waliwaona manamba katika mashamba ya mkonge ya Lindi, kama vile Kikwetu. Kisarufi neno hili ni la kustaajabisha. Namba moja ni namba, lakini mtu mmoja ni manamba vilevile kama watu mia. Kiambishi cha wingi kimeganda juu ya mtu mmoja, kana kwamba haiwezekani kumfikiria peke yake.

Msomaji anaweza kupinga kwamba etimolojia si maisha, na kwamba anayesema kibarua leo hafikirii karatasi yoyote. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, sarufi inaonesha kwamba alama haijafutika. Tunasema kibarua amechelewa, kwa upatanisho wa kiumbe hai, tunapomtaja mtu. Lakini mtu huyo anapofukuzwa, tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Hapo upatanisho hurudi kwenye ngeli ya KI-VI: kibarua ni kitu tena, ni nafasi, ni kipande cha ardhi kilichoachwa bila kulimwa. Linganisha na mgema wa methali. Yeye huharibu kazi yake mwenyewe kwa kutia maji, ni mtenda hata katika kosa. Kibarua haharibu chochote. Nyasi ndizo zinazotenda.

Shamba la namba

Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza kwa serikali ya Uingereza kilimo kikubwa cha karanga katika Afrika Mashariki. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizuru mwaka huohuo, na Februari 1947 mpango ukatangazwa rasmi: ekari 3,210,000 zilizogawanywa katika mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Mashamba 80 kati ya hayo yalipangwa kuwa Tanganyika, na katika hayo 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini. Kongwa na Urambo ndizo zinazotajwa sana, lakini kwa hesabu ya karatasi moyo wa mpango ulikuwa Nachingwea.

Kwa nini mpango ulianguka limekwisha kuelezwa vya kutosha. Alan Wood aliuandikia kitabu mapema mwaka 1950, na baada yake wengi wamerudia: mvua zisizopimwa, udongo uliokauka na kuwa kama saruji, mitambo chakavu iliyookotwa katika mabaki ya vita, vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, mnyororo mzito uliokokotwa kati ya matrekta mawili ili kulaza miti. Overseas Food Corporation ilichukua uendeshaji mwaka 1948. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliutupa mpango wa awali na kufuta hasara ya takribani pauni milioni 36. Mwaka 1955 yaliyobaki yalikabidhiwa kwa Tanganyika Agricultural Corporation, iliyojaribu mashamba madogo ya wapangaji Nachingwea, kwa kiasi na bila kelele. Katika Kiingereza cha Uingereza, kutaja mpango wa karanga kukawa njia ya kutaja ubadhirifu wa serikali. Ni mzaha wa walipa kodi.

Mzaha huo una kasoro kwa mwanahistoria wa Nachingwea: unawahusu waliopoteza fedha na kuwaacha waliofanya kazi. Matteo Rizzo, katika makala yake ya mwaka 2006, aligeuza swali kwa kuuliza mpango ule uliacha nini katika soko la ajira la kusini mwa Tanganyika. Swali hilo linatuondoa Westminster na kutuleta barabarani. Mahitaji ya watu wa kufyeka, kujenga, kutandika reli, kupika, kufua na kuendesha magari yalikuja ghafla katika eneo ambalo mwajiri mkubwa wa jirani alikuwa mkonge. Wenye mashamba ya mkonge wakaogopa kukimbiwa. Chakula kikahitajika kwa wingi, na wakulima wa vijiji vya mbali na reli, vikiwamo vile vya upande wa Ruangwa, wakawa na mnunuzi mpya wa mtama, muhogo na kuku. Ikumbukwe kwamba karanga zenyewe hazikuwa ngeni; wanawake walikuwa wakizipanda kwa jembe la mkono bila ushauri wa Wizara ya Chakula ya London.

Msamiati wa miaka ile haukuwa wa kubuniwa Nachingwea; ulisambaa nchi nzima. Lakini ni nadra kuupata wote umekusanyika mahali pamoja namna ile. Trekta, buldoza na katapila yaliingia katika ngeli ya JI-MA na kupata wingi wa matrekta, mabuldoza, makatapila bila kusitasita. Karakana, neno lenye asili ya Kiajemi lililopitia India, lilikuwa jina la mahali pa kutengenezea mitambo. Mnyapara, neno lililokwisha kutembea na misafara ya wapagazi, likahamia kwenye magenge, na genge lenyewe ni neno la Kiingereza la kundi la wafanyakazi. Leo genge ni kibanda cha kuuzia nyanya na vitunguu. Posho, iliyokuwa chakula cha mpagazi kisha mgawo wa kibarua, leo ni fedha ya mjumbe wa mkutano. Maneno mawili ya kambi yamepata maisha mapya, moja kwa muuza mboga na jingine kwa ofisa.

Ardhi nayo ilihesabiwa. Shamba moja la mpango ule, Farm 17, limebaki na jina hilo hadi leo. Sehemu hiyo ilikuja kujulikana sana kwa sababu nyingine: tangu miaka ya 1960 Nachingwea ilikuwa kituo kikuu cha mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na Samora Machel aliishi na kufundisha huko hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Historia ya ukombozi imelitunza jina la Farm 17 vizuri kuliko historia ya kilimo ilivyolitunza, jambo ambalo si baya. Lakini jina lenyewe si la ukombozi. Ni namba ya shamba, iliyotolewa na ofisi ileile iliyowapa watu namba. Waliokuwapo kabla ya namba hiyo waliliita eneo lao kwa majina ya mito na vilima, na mengi ya majina ya kata za leo, kama Naipanga, Namatula au Nambambo, ni ya tabaka hilo la zamani.

Sadfa moja inafaa kutajwa katika jarida la lugha. Mwaka 1950, matrekta yakiwa bado yananguruma, chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand ilitoa sarufi ya Kimwera ya Lyndon Harries, mmisionari wa dayosisi ya Masasi ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kazi yake juu ya ushairi wa Kiswahili. Wamwera ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya ardhi iliyopimwa kwa ajili ya karanga. Kwa hiyo katika mwaka mmoja lugha yao ilipata kitabu na ardhi yao ilikuwa chini ya mnyororo, na vitabu viwili vya mwaka huo, cha Wood na cha Harries, havikaribiani kwa lolote.

Mbanguaji

Baada ya reli kung'olewa, zao lililoshika uchumi wa Nachingwea na Ruangwa ni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000, sehemu kubwa zikitoka kusini, na nyingi zikauzwa India zikiwa ghafi. Serikali ikaona, kwa hoja nzuri, kwamba faida ilikuwa inavuka bahari ndani ya ganda. Kwa mikopo, ikiwamo ya Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda 12 vya kubangua kwa mitambo ya Italia na Japani, na Nachingwea ikapata kimoja.

Kilichofuata ni kisa cha wakati kukosana na wakati. Wakati majengo yanapanda, zao lilikuwa linashuka. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima haikumvutia. Ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia na kukausha maua. Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi yalikuwa yamepungua hadi chini ya tani 20,000, ilhali uwezo wa viwanda ulizidi tani 100,000. Mitambo nayo ilivunja korosho nyingi mno, na soko hulipa korosho nzima. Baadhi ya viwanda havikupata kufanya kazi hata msimu mmoja ulio kamili. Ubinafsishaji ulipofika, majengo mengi yakawa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli, yaani yakatumika kuhifadhi kitu kilekile ambacho yalijengwa kukizuia.

Jina la mfanyakazi wa kazi hii ni mbanguaji. Kubangua ni kitenzi cha zamani cha Kiswahili, cha kutoa kiini cha korosho katika ganda lililochomwa, na kamwe hakikusubiri kiwanda. Katika umbo lake mbanguaji ni jina la tabaka jipya, lenye kiambishi -ji kinachoashiria mazoea. Lakini limerudi kwenye kanuni ya mfinyanzi na mgema: mtu ameitwa kwa tendo lake. Kati ya kibarua na mbanguaji ipo nusu karne ya ajira na, kwa maoni yangu, ipo pia tofauti ya jinsia. Kibarua, manamba na mnyapara ni majina ambayo msikilizaji huyapa sura ya mwanamume. Mbanguaji, kusini, ni mwanamke.

Ndani ya kiwanda kazi iligawanywa zaidi: kuchambua kwa ukubwa, kuchoma, kubangua, kukausha, kumenya ngozi nyembamba, kupanga madaraja kwa ukubwa na rangi, kufungasha. Kwa mkono, kubangua ni hatari kwa sababu mafuta ya ganda huchubua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu. Kumenya na kupanga madaraja kunahitaji jicho na subira kuliko nguvu, na kazi hizo ndizo zilizoajiri wanawake wengi katika viwanda vya korosho. Stadi ya jicho linalotofautisha korosho nyeupe na iliyoungua kidogo ilikuwa ujuzi kamili kama wa mfinyanzi anayejua udongo kwa vidole. Haikuitwa ufundi. Katika lugha ya kiwanda, fundi alikuwa yule wa mitambo.

Riwaya ya Kiswahili imemtazama mfanyakazi kwa jicho la karibu pale ilipoamua. Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, ilichukua neno la dharau kutoka bandarini Unguja na kulijaza mtu. Kwa kusini hatuna budi kuanza na hatua ya chini zaidi, ya kukusanya maneno yenyewe. Kijana aliyekuwa na miaka 20 garimoshi la kwanza lilipofika Nachingwea alizaliwa mwaka 1929. Kundi hilo limekwisha kwenda karibu lote, na pamoja nalo majina ya zana, vyeo vya kambi, lakabu za wanyapara na maneno ya Kimwera, Kiyao na Kimakua yaliyoazimwa kazini. Binti aliyeingia kumenya korosho akiwa na miaka 20 mwaka 1980 ana miaka 60 na zaidi. Huyu bado yupo, na mtafiti mwenye kinasa sauti anaweza kumuuliza aliiitaje kila hatua ya kazi, nani alimfunza, alilipwa kwa kilo au kwa siku, na siku mlango ulipofungwa aliambiwa kwa maneno gani.

Korosho za wilaya hizi leo huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza msimu wa 2007/08, chini ya chama kikuu cha ushirika kinachoitwa RUNALI, jina lililoundwa kwa silabi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Sehemu kubwa bado huondoka zikiwa ghafi. Upande wa Ruangwa limeingia neno jingine, kinywe, jina la madini yanayotumika katika betri, na pamoja nalo majadiliano mapya ya fidia, ajira na vibarua. Na kando ya barabara za kusini wanawake wanaendelea kuuza korosho walizochoma kwenye karai na kuzibangua nyumbani, zikiwa zimefungwa katika mifuko midogo ya plastiki. Wanaitwa wabanguaji, jina lilelile la kiwandani, ingawa hakuna kadi yoyote inayohesabu siku zao.